Digrii ya Simu na Swali la Kantini

Vijana wangu, nimesoma barua za kuomba kazi nyingi kuliko sura za Biblia, na Mungu anisamehe kwa hilo. Miaka ishirini na sita nilikaa katika ofisi ya ajira ya kiwanda cha chai, huku upande wa Sotik, nikifungua bahasha. Bahasha zilipoisha zikaja barua pepe, nikafungua hizo pia. Sasa nimestaafu, lakini watoto wa majirani wakinikuta sokoni Kaplong hawaniulizi habari za ng'ombe. Wananiuliza, "Mama Gilbert, digrii ya mtandaoni inakubalika?" Huwa nawajibu kwa kifupi kwa sababu nina mboga mkononi. Leo nimekaa. Nitajibu kwa urefu, na sehemu kubwa ya jibu lenyewe itaniaibisha.

Kazi nilifundishwa na Mzee Njoroge. Wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, wakafungua duka, naye akakua akiongea Kipsigis safi kuliko baadhi yetu. Alinifundisha kwamba cheti hukaguliwa kwa kidole gumba kabla ya macho, kwa sababu muhuri wa kweli umebonyezwa kwenye karatasi na utausikia. Alinifundisha pia nisipige kamwe nambari ya simu iliyoandikwa kwenye cheti chenyewe. "Tafuta nambari ya chuo wewe mwenyewe," alisema. "Mwongo atakupa ya binamu yake."

Nilimwelewa baada ya kukosea. Mwaka wangu wa pili nilipiga nambari iliyokuwa kwenye barua ya kijana mmoja. Msajili wa chuo akapokea vizuri sana, akathibitisha kila kitu, huku nyuma yake jogoo anawika na mtu anamwita mtoto aje aoge. Nikaandika kwenye faili: imethibitishwa. Mzee Njoroge alicheka mpaka akavua miwani.

Silaha yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa swali moja. Katikati ya mahojiano, mtu akiwa ameshazoea kiti, Mzee Njoroge angeuliza kama mtu anayepiga gumzo tu, "Nimesahau kidogo, kantini ya wanafunzi pale kwenu, ukitoka maktaba, iko upande gani?" Aliyesoma pale angejibu mara moja, na hata kulalamika kuhusu maharagwe. Mwenye cheti cha kununua angeanza kutoa jasho. Nilishuhudia watu wanne wakianguka kwa swali hilo. Mzee alipostaafu, nilirithi kiti chake, kabati lake na swali lake.

Kisha zikaja digrii za mtandaoni. Mwanzoni moja moja, halafu nyingi. Meneja wetu alizipa jina: digrii ya simu. Hakuna aliyeniamuru chochote, lakini mezani nilikuwa na trei mbili, na barua yoyote iliyotaja kusoma mtandaoni niliiweka kwenye trei ya chini. Ya chini tulifikia mara chache. Sikuona ubaya. Nilijiambia, mtu anayesoma akiwa kitandani, nani anajua ni nani aliyefanya mtihani? Nani alimwona?

Hapo ndipo anapoingia Winny Chepkemoi. Winny alikuwa karani wa mizani katika kituo chetu kimoja cha kununulia majani chai, kule karibu na Chepilat. Kazi yake ilikuwa kupima magunia ya wakulima, kuandika kilo, na kuvumilia kelele za wazee wanaoamini mizani inawaibia. Alijisajili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa hapa Kenya, akasoma ununuzi na ugavi kwa miaka mitano, mtandaoni, akingoja lori la majani lifike. Nafasi ya afisa ununuzi msaidizi ilipotangazwa, aliomba. Kwenye barua aliandika wazi kwamba alisoma kwa njia ya mtandao. Hakuna aliyemlazimisha kuandika hivyo. Barua ilikwenda trei ya chini, ila kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wetu, sheria yetu ilisema lazima aitwe.

Alikuja na sweta ya kijani na faili lililopangwa vizuri. Alijibu maswali ya zabuni na ya stoo bila kubabaika. Kisha mimi, kwa sauti ile ya gumzo, nikauliza kantini iko upande gani.

Winny alifikiri kidogo. "Kwa kweli Madam, sijui. Kampasi nilikuwa naenda wakati wa mitihani tu, na chapati nilikuwa nabeba."

Meneja akasema, "Kwa hivyo wewe ulisoma chuo cha jikoni?" Wakacheka watu wote watano mezani, na mimi nikiwemo. Winny alitabasamu kwa adabu, akangoja tumalize. Kwenye fomu yake niliandika: hana uzoefu wa mazingira ya chuo. Nafasi akapewa kijana aliyejua kantini. Mwaka haujaisha, Winny akaacha kazi. Nilisikia amepata kampuni ya mbolea Kericho mjini, nikasema vizuri, nikafunga faili.

Sasa niwaambie kuhusu mwanangu Gilbert. Ana diploma ya kilimo, ya kweli kabisa, na alikuwa ameajiriwa na shirika dogo linalofunza wakulima wa maziwa kule Bomet. Siku moja akaniambia anasoma digrii ya chuo cha ng'ambo. Mtandaoni, ndiyo, lakini ng'ambo! Mnaona nilivyokuwa? Neno moja lilinifunga macho nisione lile lingine. Cheti kilipoletwa na watu wa kubeba vifurushi, nilipitisha kidole gumba juu ya muhuri. Ulikuwa wa dhahabu, umebonyezwa vizuri kuliko mihuri yote niliyowahi kugusa. Tulichinja mbuzi. Maziwa yetu ya mursik yalitoka kwenye vibuyu vitatu. Mchungaji aliomba, na mimi nikasimama mbele ya majirani nikasema kwamba mtoto wa nyumba hii amesoma Ulaya bila kuvuka mto Mara. Kazini wakampandisha cheo, akawa msimamizi wa mafunzo.

Miaka miwili baadaye Gilbert aliamua kuomba shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja hapa Bonde la Ufa. Siku ya mwisho ya kukaguliwa vyeti halisi ilimkuta akiwa na semina, na mimi nilikuwa likizoni. "Nipe nikupelekee," nikamwambia. "Hii ni kazi yangu."

Nje ya ofisi ya uzamili kulikuwa na benchi refu lililojaa watu. Mwanamke mmoja akainuka kunipisha. "Chamgei, Madam. Kaa hapa."

Alikuwa Winny. Tulisalimiana. Akaniambia naye ameomba uzamili. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa na kiburi ndani yake. Nilifikiri, masikini, hapa watamrudisha nyumbani.

Aliyekagua vyeti alikuwa mama wa makamo, Bi. Moraa, mtu wa Kisii, mwenye sauti ya chini na macho ya haraka. Mlango ulikuwa wazi na meza yake iko karibu, kwa hiyo wa benchi tulisikia kila kitu. Alipokea faili la Winny, akatafuta jina la chuo kwenye orodha ya tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu, kisha akasoma alama zake mstari kwa mstari.

"Hapa hesabu ulipata D, ukarudia."

"Ndiyo. Ilinishinda mara ya kwanza."

"Mradi wako wa utafiti nani alikusimamia?"

Winny akataja jina la mwalimu, akaeleza jinsi alivyokusanya takwimu katika vituo saba vya majani, na jinsi mwalimu huyo alivyomrudishia kazi mara tatu. Bi. Moraa akaandika, akapiga muhuri. "Sawa. Barua ya kujiunga utaletewa."

Vijana, nilishtuka kiasi kwamba mdomo wangu ulifunguka bila ruhusa yangu. Nilisema kwa sauti, kutoka kwenye benchi, "Samahani, lakini huyu alisoma mtandaoni!"

Winny hakugeuka. Bi. Moraa akanitazama kwa juu ya miwani.

"Najua, mama. Ameandika mwenyewe kwenye fomu, ingawa cheti chake hakisemi mtandao popote. Ni cheti kile kile wanachopewa wa darasani. Chuo kinatambuliwa, mitihani alisimamiwa, alama zinatosha. Kuna shida gani?"

Hakungoja nijibu. Aliita jina la Gilbert, nikaingia nikiwa nimejikunja kama mtu aliyenyeshewa. Niliweka mezani kile cheti cha dhahabu, nikitumaini kitanirudishia heshima.

Bi. Moraa hakugusa muhuri hata kidogo. Alitafuta jina la chuo kwenye orodha ya tume. Halikuwepo. Akatafuta kwenye orodha ya ile nchi ambako chuo kilidai kipo. Halikuwepo. Akafungua tovuti ya chuo chenyewe, akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na picha ya jumba zuri lenye nguzo, na chini yake anwani: sanduku la posta.

"Masomo thelathini na mbili," akasema akisoma karatasi ya alama. "A thelathini na mbili. Zote kwa miezi tisa. Alifundishwa na nani?"

"Sijui," nikasema.

"Mitihani alisimamiwa na nani?"

"Sijui."

Alikunja karatasi taratibu, akairudisha kwenye bahasha. "Mama, pole. Hiki si chuo. Hii ni printa."

Mimi, niliyewafundisha makarani kwamba karatasi ya alama isiyo na C hata moja itazamwe mara mbili! Mimi wa jogoo anayewika kwenye simu! Sikuwahi kupiga hata simu moja kuhusu mtoto wangu. Nilitoka nje, karatasi zikaniponyoka kwenye ngazi, na aliyeinama kuziokota alikuwa Winny. Alikuwa amesikia yote, kama nilivyosikia yake.

Tuliketi kwenye nyasi. Nilimwambia, "Winny, ile siku ya mahojiano tulikukosea. Mimi ndiye niliyekukosea. Na leo tena."

Hakunipa lile jibu la adabu nililolitarajia. "Niliumia, Madam," alisema. "Nililia kutoka kiwandani mpaka Chepilat. Siwezi kukudanganya eti nilisahau."

"Kule kwa mbolea walikuuliza nini?"

"Walinipa meza, wakanipa zabuni za watu sita, wakasema chagua na ueleze kwa nini. Walinipa muda wa saa tatu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nakula wapi." Akapanga karatasi za Gilbert vizuri, akanirudishia. "Ongea naye polepole. Labda alidanganywa."

Gilbert alifika nyumbani Jumamosi. Nilimkuta shambani akikatia chai matawi, nikamwambia nilichoambiwa. Aliendelea kukata mashina mawili matatu, kisha akaacha.

"Walikuwa na portal, Mama. Walikuwa na video za walimu. Niliandika insha nne."

"Na mitihani?"

"Walisema miaka yangu ya kazi inahesabiwa badala ya mitihani."

"Ulijua?"

"Nilishuku. Cheti kilipokuja nilitaka kukwambia. Lakini nilifika nyumbani nikakuta umeshachinja mbuzi."

Hilo lilinipiga kuliko lile la printa. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, nikakosa mahali pa kuishika hasira. Tulisimama kati ya mistari ya chai, mama na mwana, kila mtu akiangalia viatu vyake.

Jumatatu alikwenda kwa mkurugenzi wake akamwambia mwenyewe, kabla mtu mwingine hajasema. Sikumsukuma, ingawa nilimpeleka mpaka lango. Alidhani atafungiwa ndani. Mkurugenzi alimvua usimamizi, akampa barua ya onyo, akamrudisha kwenye kazi ya diploma yake: kutembea boma kwa boma akifundisha watu kukausha nyasi za ng'ombe. Wengine katika hali kama hiyo wamefukuzwa, na wengine wamefikishwa kortini. Msije mkadhani kila bosi ana moyo ule. Mimi nami niliwaambia akina mama wa kanisani, wale wale waliokula mbuzi. Mmoja aliniuliza kama cheti kinaweza kurudishwa. Nikamwambia si gumboot ya dukani.

Nilimpigia simu Mzee Njoroge, akiwa ameshazeeka na kusikia kwa shida. Nilimweleza kuhusu Winny.

"Wewe ulimuuliza mtu aliyesema wazi hakusoma kampasi, kantini iko wapi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ngai! Rachel, lile swali lilikuwa la kumkamata mwongo. Wewe ukalitumia kumkamata aliyesema ukweli."

Nilirudi kazini nikiwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu. Kikao cha kwanza cha usaili nikasema swali la kantini limekufa, na trei ya chini imeondoka. Badala yake tutatazama kama chuo kinatambuliwa, tutapiga simu sisi wenyewe, na kila mwombaji atapewa kazi ya kufanya mbele yetu. Meneja alicheka, "Kwa hivyo sasa tutaajiri watu wa digrii ya simu?" Mkuu wa fedha, mtu ambaye meneja mwenyewe humsifu kila mkutano, akakohoa. "Bosi, masters yangu mimi niliifanyia kwenye simu hiyo hiyo. Hamkuniuliza, sikusema." Nilishtuka kama wengine wote. Meneja alikunywa chai yake yote bila kuiweka chini.

Basi jibu lenu ni hili. Waajiri na shule za uzamili hawafanani. Wako ambao bado wana trei ya chini, na barua yako ikitua humo hutajua kamwe. Kuna kazi, kama uuguzi na maabara, ambazo mkono lazima ushike kitu halisi, na mtandao peke yake hautoshi. Ila wengi siku hizi wanauliza aliyouliza Bi. Moraa. Kabla hujajisajili, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya tume, si kwenye tangazo la chuo. Uliza mtihani unasimamiwa wapi na nani. Jitahidi angalau mwalimu mmoja akujue kwa jina na kwa makosa yako, maana siku ya kuomba uzamili utahitaji barua yake. Hifadhi kazi ulizorudishiwa zikiwa na wino mwekundu. Na wakikuahidi kwamba hakuna mtihani, kimbia.

Gilbert alijisajili upya mwaka uliofuata, mwaka wa kwanza kabisa, akiwa na miaka thelathini na mbili. Chuo kile kile cha Winny, mtandaoni. Winny ndiye aliyemwonyesha fomu, kwa simu, na hakukaa kwenye simu zaidi ya ilivyohitajika. Sisi si marafiki. Tukikutana tunasalimiana vizuri.

Mtihani wa kwanza ulifanyika katika kituo cha Kericho mjini. Nilimsindikiza, mtu mzima na ndevu zake, nikakaa nje kwenye kibaraza na chupa ya chai. Mvua ya mawe ilianza kama kawaida ya Kericho, ikagonga mabati mpaka watu wa kibarazani tukaacha kuongea. Dirishani niliwaona wasimamizi wawili wakipita kati ya madawati, wakikagua vitambulisho, wakilinganisha nyuso na picha. Nilimwona Gilbert akifuta kitu, akiandika, akifuta tena.

Alitoka wa mwisho. Shati lilikuwa limelowa jasho mgongoni kwenye baridi ile. Nilimmiminia chai, akashika kikombe kwa mikono yote miwili bila kunywa.

"Mama," alisema, "takwimu imenichapa vibaya. Hii kitu ni ngumu."

Miezi yote tisa ya ile digrii ya dhahabu sikuwahi kumsikia akisema hivyo hata mara moja. Nilimwambia anywe chai kabla haijapoa.